Mpangaji wa Chumba cha Uani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi miguu, bado inavimba jioni? Na vidonge vya presha je, unavimeza au unavificha chini ya mto kama mwaka jana? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii. Barua hii nimemtumia nesi wako akupe mkononi. Isome chumbani mkiwa nyinyi wawili, mlango mmeufunga, na tafadhali Mama, leo usisome kwa sauti kama ulivyozoea. Isome mpaka mwisho kabla hujainuka.

Hukuwahi kuipenda kazi yangu. Nilipokwambia nimeajiriwa shuleni kuwa mshauri wa watoto na familia zao, ulisema nimesoma miaka yote hiyo ili nilipwe kwa kuchungulia vyungu vya watu. Tulicheka sana. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Mtoto akianza kusinzia darasani, au kupiga wenzake, au kukataa kula, walimu humleta kwangu, nami najaribu kujua kule kwao kunapikwa nini.

Muhula huu waliniletea msichana wa darasa la tatu waliyemwita Chiriku, maana alikuwa haishi maneno. Sasa alikuwa amenyamaza. Hakuwa mgonjwa wala hakufiwa, alinyamaza tu kama redio iliyochomolewa. Watoto wa namna hiyo siwaulizi maswali. Nina mfuko wa viatu vikuukuu, vya kiume, vya kike, vya watoto, na ndala. Namwambia mtoto anipangie watu wa kwao sakafuni, kila mtu kwa kiatu chake. Chiriku alichukua kiatu kikubwa cha kiume, akakiweka mlangoni, kikiangalia ndani. Ndala za mama yake akaziweka nyuma ya kiti. Kiatu chake mwenyewe alikisukuma chini ya kabati, mbali kabisa, mpaka ikabidi alale kifudifudi. Kisha akaniambia kwamba baba akirudi hufunga mlango, na ufunguo anautia mfukoni. Aliyoniambia baada ya hapo sitaki kukuandikia.

Utaratibu wetu ni kuita wazazi. Nikawaita. Hapo ndipo nilipokosea, Mama, kosa la mtu aliyezoea chumba chake mpaka hakioni tena: sikuviondoa vile viatu. Waliingia vikiwa palepale. Baba mtu ni fundi wa kufuli, mwanamume mpole, shati limenyooka kwa pasi, kidole gumba cha kushoto kimekatika ncha. Alinivisha kilemba cha ukoka, eti shule ina bahati kunipata. Mkewe hakuinua macho. Kisha yule bwana akaitazama sakafu. Wazazi wengi huona takataka tu. Yeye alielewa. Aliinama, akakivuta kiatu kidogo kutoka chini ya kabati, akakiweka sambamba na kile kikubwa, akasema taratibu, "Mwalimu, viatu vya nyumba moja hukaa pamoja."

Kesho yake Chiriku hakuja shule.

Sikungoja. Nilikwenda kwao na ofisa wa ustawi wa jamii na askari wa kike, tukamkuta mama mtu mkono umefungwa kitambaa, na mtoto yuko chini ya kitanda. Siku ileile walihamishiwa nyumba ya hifadhi, na mahakama ikampiga marufuku yule bwana kuwakaribia wao na shule. Mahali walipo tunapajua watu wachache mno, na mimi ni mmoja wao. Juzi ofisa alinipigia kuniambia kwamba Chiriku ameanza kusema. Eti anamsimulia mpishi wa pale habari za paka tangu asubuhi, mpishi mpaka anaomba kupumzika. Nililia, Mama, nilivyofurahi.

Lakini mimi mwenyewe nimekuwa mtu wa kuogopa kivuli changu. Mlango wangu huwa naufunga mzunguko mmoja wa ufunguo. Nikawa nikirudi kutoka kazini naukuta umefungwa miwili. Hakuna kilichoibwa. Siku moja nilikuta viatu vyangu vyote vimepangwa ukutani, jozi kwa jozi, vizuri kuliko ninavyopanga mimi. Polisi waliniuliza nimepotelewa na nini, nikasema sijapotelewa na kitu, wakatazamana. Nikabadilisha kufuli, halafu nikajicheka: namfungia nani, na kufuli ndiyo kazi yake? Nikahamia kwa rafiki yangu, mwalimu wa hesabu. Kisha ghafla yote yakakoma. Nikamshukuru Mungu nikidhani yule mtu amechoka.

Kumbe alikuwa safarini kuja kwako; bahasha zenye anwani yako zilikuwa mezani kwangu siku zote alizoingia. Jumapili uliponipigia ukanisifia mpangaji wako mpya wa chumba cha uani, anayekuchotea maji kabla hujaamka na aliyekubadilishia kufuli zote za nyumba bila kudai kitu, niliinuka nikafunga mlango. Nikakuuliza ana sura gani. Ukacheka, ukadhani nataka uchumba. Ukasema ni mtanashati, ila kidole gumba kimoja ni kifupi, na wewe mahari utaipunguza kwa ajili hiyo. Halafu ukampa simu anisalimie.

Ndiye, Mama. Kikulacho ki nguoni mwako. Alinisalimia kwa adabu zote, akangoja uende jikoni, kisha akasema, "Mama yako ni mtu mwema, mwalimu. Niambie mwanangu yuko wapi, nitahama leo hii."

Ningependa kukuandikia kwamba sikuyumba. Niliyumba. Jina la mtaa walipofichwa lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nilikuona wewe ukimtilia chai, ukimwita mwanangu, na yeye ana funguo za kila mlango wa nyumba ile. Nilijua anachoweza kukufanya. Nikamwambia sijui. Akauliza tena, nikasema tena sijui. Akacheka kidogo, akanipa mpaka Ijumaa nikumbuke. Nami Ijumaa nitamjibu vilevile. Kati yako na mtoto wa watu, nilimchagua mtoto wa watu, na nilichagua nikiwa na akili zangu timamu. Kama huwezi kunisamehe leo, basi nisamehe ukishafika salama.

Polisi wa kituo cha huko kwenu wameniambia kukodi chumba si kosa, na kwamba watamtuma mtu wakipata gari. Kukupigia siwezi, simu yako sasa anaipokea yeye kwanza. Kuja siwezi, maana akiniona tu mlangoni atakuwa amepata jibu lake, kwamba mahali alipo mtoto napajua.

Kwa hiyo nisikilize. Nesi atakupima, kisha atasema kwa sauti kwamba presha imepanda na lazima mwende zahanati sasa hivi. Nadhani hatakuwa anadanganya. Mjomba yuko pale zahanati na gari, akupeleke mbali. Usichukue sanduku wala nguo ya kubadilisha. Wacha sufuria jikoni. Mlango usihangaike kuufunga.

Siku nyingine ningekuomba unisalimie majirani wote, mmoja mmoja. Leo usimuage mtu. Yeye tu ndiye utakayesema naye, maana atakuwa amekaa uani, na akiona unapita kimya atajua. Simama, umwambie unarudi mchana, umwombe akuangalizie sufuria. Umenilea kwa fimbo ili nisiseme uongo, Mama. Nakuomba useme huo mmoja, na uutabasamie.

Ni mimi, kitinda mimba wako.