Uzi wa Nyavu Chini ya Kochi

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Siku kumi na mbili zimebaki! Jumamosi ya tarehe 14 jumuiya inasali kwangu, na sebule bado ina yale makochi ya mbao ya mwaka tuliooana, na vitambaa vyake. Mwezi jana tulisali kwa Mama Queen. Stika za matofali meupe ukutani, mapazia ya kijivu, meza ya kioo. Akasema mbele ya watu eti kwangu anapapenda, panamkumbusha kwa bibi yake kijijini. Wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Nina laki tatu nilizoweka kwa kushona sare za shule. Nataka sebule ya kisasa. Kwa laki tatu! Mungu nisaidie.

Jumatano, 4 Septemba

Stika nimebandika mwenyewe. Fundi alikuja, akapima ukuta kwa macho tu, akaongeza mita mbili. Ananiona mtoto? Nimemfukuza. Kona moja imepinda, nitaweka ua la plastiki pale.

Meza tayari — paleti mbili na rangi nyeupe. Imependeza! Vitambaa nimevifua na kuvificha kabatini. Kuvitupa siwezi.

Makochi ndiyo shida. Dukani milioni na nusu. Muuzaji ananiambia dada kaa kwanza ujaribu. Nikae nizimie?

Jumamosi, 7 Septemba

Mume wangu Alex kaja na kirikuu, kile kigari cha mizigo — kochi la L, kijivu, safi kama jipya. Laki mbili!

Laki mbili? Kochi la milioni na zaidi? Eti kuna jamaa anaitwa Chenge, anauza vitu vya mtu aliyehamia Dodoma ghafla. Nimeuliza mbona huyo mtu hakuuza mwenyewe. Alex kasema mimi nikipewa hata uji nauliza nani kaukoroga, nishukuru tu. Haya, nimeshukuru. Ila nimenusa mto mmoja mmoja, nisije nikaletewa kunguni. Mafuta ya nazi.

Jumapili, 8 Septemba

Tumetoka kanisani, Bernadeta wa jirani kaja kuliona. Kakaa ukingoni, hakuegemea. Anasema rahisi ghali, mama Shimba, na watu siku hizi wanauza vitu vyenye mambo yake.

Alipotoka tu nikageuza mito yote. Chini ya ule wa kona nikaona mshono. Mimi fundi, mshono haunidanganyi. Huu si wa kiwandani. Ni wa mkono, uzi wa kijani, ule wa nyavu kabisa, hatua ndogondogo zinazolingana. Nani anashona kochi kwa uzi wa nyavu? Kaficha nini?

Nimefumua. Sponji! Sponji tupu! Nikarudishia kwa uzi mweupe. Nimeona aibu kidogo. Kidogo tu.

Jumanne, 10 Septemba

Bernadeta anasema mchana kuna mwanamke alisimama getini kwangu muda mrefu, kajitanda khanga, anachungulia dirisha la sebuleni. Kamsalimia, hakuitikia.

Nimemwambia Alex tukiwa tunakula. Kaacha ugali katikati. Alex! Kuacha ugali! Kuna kitu hapa.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimemwona kwa macho yangu. Amekonda, lakini mzuri. Kufungua mlango tu, akaondoka haraka kuelekea barabarani.

Nimeishika simu ya Alex akiwa anaoga. "Chenge" kapigiwa mara tisa wiki hii. Tisa! Chenge gani huyu? Wanaume wa mji huu mchepuko wanamwandika Fundi Bomba. Kumbe ndiyo maana ya kochi la bei ya kutupa — kalitoa nyumbani kwa huyo mwanamke!

Sijamuuliza. Namwekea akiba. Moyo unaniuma mpaka nimekata sketi ya mtoto wa watu vibaya.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandikia jikoni. Jumuiya ni saa kumi, sasa hivi tisa na nusu imepita.

Saa tisa yule mwanamke kapiga hodi. Maneno nilikuwa nayo tayari tangu juzi. Nikamuuliza kama anamtafuta mume wangu.

"Wangu nilimzika Julai, dada," kasema. "Nimekuja kuliona kochi langu."

Kaingia, kaenda moja kwa moja kwenye ule mto wa kona, kaugeuza. Kaupapasa mshono wangu mweupe.

"Uzi wangu umetolewa?"

Anaitwa Dorcas. Marehemu alikuwa mvuvi wa Nansio. Ndiye aliyemfundisha kushona nyavu, na mto ulipochanika wakaushona pamoja. Chenge ni mdogo wa marehemu. Yeye na ndugu zake walikuja na kirikuu Dorcas amekaa hapohapo, wakamwambia ainuke, vitu vya kaka yao vinaondoka. Dereva ndiye aliyemwelekeza kwangu, baada ya kumsumbua siku tatu.

Nilidhani atanidai. Kaniomba akae kidogo tu. Yupo pale sasa, kwenye kona, mikono mapajani.

Nimempigia Alex. Nikamuuliza, siku ile kochi lilikuwa na mtu?

Kasema kulikuwa na mama analia. Wakamnyanyua. Yeye alidhani ni mambo ya kifamilia, hakutaka kuingilia.

"Na wewe ukabeba?"

"Nilishika upande mmoja tu, mama Shimba."

Upande mmoja tu! Na zile simu tisa — alikuwa anamwomba Chenge amwambie yule mama asije tena. Kaniambia nimtoe haraka kabla ya jumuiya, tusije tukaaibika.

Siku zote hizi nashuku kunguni, nashuku dawa, nashuku mchepuko. Hili halikunijia kabisa.

Alex ana kaka wanne Magu. Wema wote. Krismasi wanalala hapahapa sebuleni, wanakula kuku wangu, wananiita shemeji mwenye mkono mzuri. Leo nimekaa nawahesabu mmoja mmoja, siku Alex akifa nani atashika cherehani, nani atashika kabati. Na mimi watanikuta nimekaa wapi?

Nimevitoa vitambaa kabatini, sijui hata kwa nini. Vipo hapa mezani.

Chai imechemka. Nimtoe? Nimwachie kochi? Nikae naye? Laki mbili zangu! Na aibu yangu!

Hodi getini. Sauti ya Mama Queen, wengine wanacheka nyuma yake. Nimefungua mdomo niitikie.

Dorcas ameshaitikia kutoka kwenye kochi. "Karibuni. Karibuni ndani."