Simu ya Saa Kumi

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Marahaba sitaidai leo. Sikiliza barua hii mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe kama nastahili kuitikiwa. Jicho linaendeleaje? Tumeambiwa upasuaji ulikwenda salama na kwamba bandeji itakaa kama wiki mbili zaidi, kwa hiyo najua anayekusomea ni dada, binti yako. Dada, pole kwa kuuguza, nakusalimu sana, na nakuomba jambo moja tu: usiruke mstari wowote, hata ukifika mahali ukatamani kuichana karatasi. Sisi huku ni wazima wa mwili. Baba anatembea, anakula kidogo, na bado anagombana na kila anayefunga mlango kwa kishindo. Mimi ni yuleyule Kidomo, jina ulilonipa mwenyewe nikiwa sijaota hata meno ya mbele, ila safari hii domo langu lilijifunga pale lilipotakiwa kusema.

Nianze na kompyuta, maana bila hiyo kisa hakipo. Nilikwambia nimepata kazi ya kusahihisha kurasa za vitabu vya shule kwa kiwanda kimoja cha uchapaji. Kazi yenyewe naifanyia nyumbani, kwenye meza ya chakula. Jumatatu hadi Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri wananitumia kurasa kwa intaneti, nami lazima niwe nimezirudisha ikifika saa kumi na moja na nusu, kabla hawajawasha mitambo yao. Tangu ofisi yetu ifungwe nilikuwa nimekaa bure miezi saba, nikiwaambia watu kwamba napumzika, kwa hiyo kazi hii niliing'ang'ania kwa meno. Kompyuta ni ile kuukuu iliyotupwa na ofisi. Mwalimu wa hesabu wa nyumba ya pili aliiwekea Linux, programu ya bure ya kuiendesha, akisema mashine yenye umri ule haitakubali kitu kingine, akanibandikia juu yake picha ya pengwini mnene, nembo ya hiyo Linux. Wiki mbili baadaye akahamishwa shule, akaniacha na pengwini na karatasi mbili za maelekezo.

Wewe ulipanda nguzo za simu miaka thelathini na Baba alikaa ndani kwenye mitambo akiwaunganisha watu, kwa hiyo hili utalielewa upesi kuliko nilivyolielewa mimi. Intaneti yetu inapita kwenye waya uleule wa simu. Kuna kisanduku chenye taa nyekundu kinaitwa modemu. Kinapiga namba kama mtu, kikipokelewa kinatoa kelele kama paka wawili waliobanwa mkia, na zikinyamaza ujue wameelewana. Wakati wote huo waya umeshikwa.

Wiki ya kwanza, kiwanda kikiwa hakijaanza kunitumia kurasa, hawakuelewana hata mara moja. Kompyuta ilisisitiza kwamba hakuna modemu, na modemu ilikuwa mbele yangu ikinikonyeza kwa taa zake. Nilizima nikawasha, nikabadilisha waya, nikaisema kwa ukali. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba tundu ninaloliita la kwanza nyuma ya kompyuta, Linux inaliita sifuri, kwa sababu yenyewe inaanzia kuhesabu hapo. Nilikuwa nimeiandikia moja. Nikarekebisha, ikapiga, ikapokelewa, na bado hakuna kilichofunguka.

Hapo ndipo Baba aliposogeza kiti chake. Kwanza alikuwa akipita tu kuelekea jikoni, akasimama, akainamisha sikio kwenye modemu. Akaniambia niirudie. Nikairudia. Akasema kwa mlio ule upande wa pili wanapokea vizuri kabisa, waya hauna kosa, tatizo ni letu humu ndani. Alisema kwa uhakika kama mganga aliyeshika mshipa wa mgonjwa. Na kweli, kosa lilikuwa kwenye faili moja dogo ambalo huiambia kompyuta imuulize nani inapotafuta anwani. Lilikuwa tupu, nami nilikuwa nimeapa kwamba nimelijaza. Siku tatu nzima tulikaa bega kwa bega, mimi naandika amri, yeye anasikiliza, akinihadithia habari za mitambo ambazo sikuwahi kuzisikia tangu nizaliwe. Alinitania kwamba ningekuwa chini yake kazini angenifukuza kabla ya chai. Baba Mdogo, zile zilikuwa siku nzuri sana kwangu.

Wiki ya pili intaneti ikashika, lakini kila ilipofika saa kumi na dakika tatu au nne ilikatika. Linux ina tabia ya kuandika kila kinachotokea, dakika kwa dakika, hivyo nilikuwa na ushahidi: Jumatatu saa kumi na dakika nne, Jumanne saa kumi na dakika tatu, Jumatano vilevile. Na kila ikikatika, simu inalia chumbani kwa Baba. Ni wewe, na drafti yenu mnayoicheza kwa simu. Nilidhani waya unakatika wenyewe na simu yako inapata upenyo wa kuingia. Nikatafuta ugonjwa kila mahali isipokuwa ulipo. Nilipunguza kasi ya modemu, nikaifuta amri inayokata waya ukikaa kimya, nikaenda kununua waya mpya wa ukutani. Wakati huo Baba yuko ndani anakutajia kete yake ilipohamia, nawe unamtajia yako, mnacheka mpaka mnakohoa, na mimi nasubiri mmalize ndipo nipige upya. Kurasa zilichelewa mara tatu. Msimamizi wa kiwanda akaniandikia kwamba nikichelewa tena watamtafuta mtu mwenye mtandao wa kueleweka.

Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Jumamosi asubuhi nikaenda ofisi ya simu na karatasi yangu ya ushahidi. Mama wa dirishani aliitazama mara moja tu. Alisema laini yetu ina huduma ya kujulisha mtu kwamba kuna simu nyingine inasubiri, kile kimlio kifupi unachokisikia ukiwa katikati ya maongezi. Binadamu akikisikia anaendelea kuongea, modemu ikikisikia inachanganyikiwa na kukata. Kumbe si kwamba simu yako ilipata upenyo waya ukikatika. Simu yako ndiyo iliyokuwa ikiukata. Akaniandikia tarakimu chache za kutanguliza kabla ya namba ya intaneti, za kuizima huduma hiyo kila ninapokuwa hewani. Akanionya kwamba atakayepiga wakati huo atasikia mlio wa laini inayotumika, basi. Aliniuliza swali moja kabla sijaondoka, nikamjibu, nikarudi nyumbani.

Jumatatu nikaziweka tarakimu. Saa kumi na dakika nne ikapita, na tano, na kumi. Taa za modemu zilitulia. Kurasa zilirudi kiwandani kabla ya saa kumi na moja, na msimamizi akanipongeza.

Nyie mna sheria yenu, sina haja ya kukukumbusha: aliyeshindwa mchezo uliopita ndiye anayepiga, mshindi anasubiri, tena ni siku za kazi tu na saa kumi tu. Baba alikuwa mshindi wa mchezo uliopita, na uliokuwa ubaoni ulikuwa haujaisha, kwa hiyo alisubiri. Alijua niko hewani, lakini wiki iliyotangulia simu yako iliingia hata nikiwa hewani, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuishuku kompyuta. Siku ya kwanza alisema umezidiwa na usingizi. Siku ya pili alisema umebaki na kete tatu, unatafuta pa kujificha, akacheka peke yake. Ilipofika wiki ya pili hakuwa akicheka. Saa kumi ikikaribia anavaa shati safi, anaketi kitandani karibu na simu, ubao magotini. Aliniuliza mara moja kama laini ni nzima. Nikamwambia ni nzima. Nilimwambia apige yeye, akanikemea kwamba akipiga atakuwa amekuvunjia heshima, kama anayekudai mchezo. Mimi namjua Baba kwa ukaidi, lakini hata yeye nadhani alikuwa akiogopa: angepiga, halafu usipokee.

Ilipotimia siku ya kumi na saba, aliutoa ubao chumbani akauweka juu ya kabati la vyombo. Kisha akaja mezani kwangu, akaketi kwenye kile kiti chake cha wakati wa matatizo. Akaniomba nimsikilize. Akanisimulia mazungumzo yenu ya mwisho yote, neno kwa neno, ulichosema wewe na alichosema yeye: ule utani wa miwani yako, na pale alipokuambia kwamba umri umeanza kukula akili. Akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijaizoea kwake, ni wapi alipokukosea. Alikuwa ameyapitia maneno yake yote siku kumi na saba, moja baada ya jingine, akitafuta kosa.

Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, na sasa nakwambia wewe.

Swali la yule mama wa dirishani lilikuwa hili: kuna mtu wenu yeyote anayepiga saa hizo? Nikamjibu hakuna. Nilikuwa na akili zangu timamu. Nilijua ni wewe, nilijua ni kila siku ya kazi, nilijua mtu atasikia mlio wa laini inayotumika na kudhani kwamba mwenzake ameiweka simu pembeni makusudi. Ningeweza kukupigia asubuhi nikuombe mcheze saa nane. Ni sentensi moja. Siku kumi na saba sikuisema.

Baba nilimwambia kwamba niliogopa kupoteza kazi. Ni kweli, lakini si yote, na yaliyobaki sikuweza kumtazama usoni nikayasema. Niliona wivu, Baba Mdogo. Siku kompyuta ilipokuwa mbovu Baba alikaa nami. Ilipopona alikirudisha kiti ukutani, akaenda chumbani kucheka na wewe, kicheko ambacho mimi, niliyempikia na kumfulia tangu Mama aondoke, sijawahi kumtoa. Nikadhani simu ikinyamaza atarudi kukaa na mimi. Hakurudi. Alikaa na simu.

Nilingoja anifokee. Aliniuliza kitu kimoja tu: kwa hiyo amekuwa akipiga? Nikasema naamini amekuwa akipiga. Akainuka, akaushusha ubao kabatini, akazifagia kete zake mwenyewe kwa kiganja zikaanguka sakafuni. Akatangaza kwamba ameshindwa, kwa hiyo zamu ya kupiga ni yake. Akapiga palepale. Simu yako ililia, haikupokelewa. Akapiga kesho yake, na kesho kutwa, na siku ya tatu akapokea jirani yako anayekumwagilia maua.

Jirani ndiye aliyetueleza mengine. Kwamba ulikwenda kulazwa kwa ajili ya jicho, na sasa unajiuguza kwa dada, ambako simu haijafika. Kwamba wiki zile za mwisho ulikuwa ukipiga kila siku ya mchezo saa kumi, ukaanza kurudia mara mbili na tatu saa hiyohiyo. Kwamba uliogopa kisu, wewe uliyening'inia kwenye nguzo miaka thelathini, na ulitaka kumwambia mwenzako kabla hujaingia. Kwamba uliondoka ukisema umetupwa. Baba alikuwa na simu sikioni nami nilikuwa karibu yake, na kila neno nililisikia. Alipoiweka chini alikwenda kufunga mlango wake, na safari hiyo aliufunga kwa kishindo.

Tarakimu zile nimezifuta. Nilimwandikia msimamizi nikamwomba anitumie kurasa saa saba badala ya saa tisa na nusu. Alijibu kwamba kwao ni sawa, hata afadhali. Mazungumzo yote yalichukua dakika mbili. Nimekaa nikizifikiria dakika mbili hizo zaidi ya nilivyofikiria jambo lolote mwaka huu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Naomba tu ujue kwamba Baba hakuiweka simu pembeni hata siku moja. Alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwenye simu, amevaa shati safi, akikusubiri. Hofu ya kisu uliibeba peke yako kwa sababu yangu, si kwa sababu yake.

Wasalimie wote hapo, na watoto wa dada. Pole tena, na uponyaji mwema. Barua hii itakufikia Alhamisi. Jumamosi tutapanda basi la asubuhi, tutafika kwenu mchana, yeye mbele na mimi nyuma. Usiku huu amelala mapema, na amenikataza kukuambia kwamba anakuja, kwa kuwa anaogopa utasema usitembelewe. Kwa hiyo hata hili nimemfanyia kinyume. Hasira zako zote niwekee mimi. Nitasimama uani mpaka uzimalize, hata kama ni mpaka jioni. Lakini akipiga hodi, Baba Mdogo, yeye mfungulie.

Ni mimi mwanao,

Kidomo