Gari la Kupaa na Ukuta wa Mama

3 Machi

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati. Huku tu wazima, isipokuwa kifua cha mama, ambacho hakitabiriki. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo.

KUH: OMBI LA KUBOMOA UKUTA WA CHUMBA CHA MAMA

Madhumuni ya barua hii ni kukuomba idhini, kwa kuwa nyumba hii marehemu baba alituachia sote wawili. Lile gari la kupaa nililolijenga karakanani kwa miaka tisa limekamilika. Nakiri kosa la kifundi: nilipima kila kitu isipokuwa mlango. Mabawa nimeyalehemu kwenye bodi, hayakunjiki. Njia pekee ni kubomoa ukuta unaotenganisha karakana na chumba cha mama, ambacho zamani kilikuwa duka la baba na bado kina ule mlango mpana wa barabarani.

Safari ya hospitali unaifahamu: saa tatu za foleni darajani, mama akihema kiti cha nyuma. Angani hakuna foleni.

Mama mwenyewe aliniuliza juzi, "Sasa hilo dude lako litapita wapi, fundi?" Kila ninapopiga nyundo, naye hugonga ukuta kwa kijiko. Nami huweka nyundo chini papo hapo, kwa heshima.

Wako mtiifu,
Kaka yako

20 Machi

Kaka, shikamoo. Sisi hatujambo, watoto wana mafua tu.

Hayo maneno ya kiofisi ya nini? Mimi mdogo wako, si mkuu wa wilaya. Jibu ni hapana. Mama mgonjwa wa kifua avute vumbi la matofali, kisa dude ambalo halijaruka hata kimo cha kuku? Shuleni walikuwa wanakuita Rubani, mimi napigana nao. Nimechoka kupigana, kaka. Hata mama anakugongea unyamaze, wewe husikii? Mpeleke hospitali alfajiri kama watu wengine. Ukuta usiuguse.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Baada ya salamu, napenda kukujulisha kuwa uamuzi wako nimeupokea na nitautii. Gari nimelifunika kwa turubai. Nyundo nimeitundika.

Jambo moja linanitatiza: mama bado anagonga kijiko, ilhali mimi sigongi chochote. Nikienda kumsikiliza, husema, "Nani kakuita? Rudi kazini kwako."

Kaka yako

29 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama. Tangu uondoke baada ya maziko ya mama hujaandika. Kwa hiyo naeleza sasa yale ambayo hukuniuliza.

Tulitoka alfajiri, kama ulivyoagiza. Darajani lori lilikuwa limelala katikati ya njia. Mama alitazama juu kupitia kioo cha teksi, akasema, "Kweupe kweli huko." Hakusema tena. Tulikaa pale hadi saa nne.

Sisemi kwamba gari lingemfikisha. Halijawahi kuruka, na huenda lisiruke kamwe. Wala sikulaumu.

Jana nilihamisha kitanda chake. Nyuma ya ubao wa kichwani nilikuta matofali kumi na moja yasiyo na saruji kandokando. Imekwanguliwa yote. Uvunguni mlikuwa na kopo la maziwa lililojaa vumbi la saruji, limefunikwa kwa kitambaa ili lisipeperuke, pamoja na kijiko kilicholika hadi nusu. Kumbe mama hakuwa akininyamazisha. Nyundo yangu ilimfichia kelele. Nami kila alipoanza kazi, nilinyamaza.

Nilichomoa tofali moja kwa vidole. Nikaliona bawa, limechomoza chini ya turubai.

Tofali nimelirudisha mahali pake, kwa kuwa katazo lako halijatenguliwa. Hivyo, kwa heshima, naomba uamuzi wako kwa maandishi: niendelee pale mama alipoishia, au niuzibe ukuta?

Kaka yako