Papa Zéphyrin, Mwaka Huu Hatukuchinja

Mwaka umetimia, Papa Zéphyrin, tangu ulipotutoka hapa Columbus. Watu wanatuuliza tunaendeleaje. Tunaamka, tunaenda kazini, tunarudi. Tumekufa ganzi. Mkeo, Mama Sandrine, hakulia hata siku ya mazishi, na mpaka juzi alikuwa hajalia bado.

Wewe ndiye uliyekuwa mchinjaji wetu. Harusi iwe Louisville, kilio kiwe Buffalo, kisu chako kilikuwa garini. Kisha ukapata kazi kwenye ghala la Gahanna, zamu moja na Tilak, Mhindu kutoka Bhutani asiyegusa nyama, na Pasang, Mbudha. Tilak alikueleza kwamba kutodhuru ni kwa mkono, kwa mdomo na kwa moyo. Pasang akakuuliza kama umewahi kumwona mbuzi asiyeogopa kisu. Wewe uliyekimbia bunduki Uvira uliijua hofu ile, ukaacha kuchinja.

Kwaya ya kanisa hukuiacha. Kisu tu ndicho ulichokihamishia jikoni, kikawa cha kukatia kabichi. Tulikutania weee, mchinjaji wa kabichi, nawe ukacheka. Hata mwanao Gaël alipoligonga gari lako jipya, ulimuuliza kwanza kama ameumia.

Kwenye kilio chako tulichinja mbuzi, maana ndivyo tunavyojua kumheshimu mtu. Tukampakulia Tilak pia. Aliishika sahani ile ya nyama mpaka watu wakatawanyika. Hakula, wala hakutuaibisha kwa kuirudisha. Mama alimwona.

Mwaka huu, Mama aliposema kumbukumbu yako itakuwa bila mbuzi, mdogo wako Zihindula alipiga simu kutoka Buffalo.

"Donc, tunamukumbuka kaka na maharagi? Watu watasema nini?"

"Waseme, shemeji," Mama akajibu. "Mbuzi ibakie kwa farm. Zéphyrin alikatala damu. Mimi siwezi kuimwanga juu ya jina yake."

Zihindula alinuna, lakini alikuja, tena na gunia la maharagwe begani. Jumamosi tulikula ugali, maharagwe na sombe, yale majani ya muhogo, kwa mawese bila samaki. Tilak alimaliza, akaomba tena, akamaliza tena. Mama akaipokea sahani tupu, akasimama nayo kwenye mlango wa jiko, na hapo ndipo alipolia.

Tunaokukumbuka ni mkeo Sandrine, wanao Gaël wa hapa Columbus na Hadassa wa Louisville, na mdogo wako Zihindula. Tilak na Pasang walikaa nasi mpaka vyombo vikaoshwa.

Kisu chako bado kinakata kabichi, Papa. Hatutakusahau kamwe.