Jina Ulilosema Utakuja Nalo

Mama,

Ni mimi Robi, mke wa Ochieng wako, yule uliyekuwa ukimwita nyar Kuria, binti wa Wakuria, kana kwamba Wakuria walizaa binti mmoja tu. Nakuandikia kwenye meza ya cherehani hapa Suna, Migori, katikati ya sare za shule ambazo wenyewe watazifuata saa nne na bado hazina vifungo. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara tatu. Mara ya kwanza kufunga dirisha, mara ya pili kulifungua. Ya tatu sijui niliinukia nini.

Tuongee Kiswahili kama kawaida yetu. Kijaluo changu bado ni cha kuomba chumvi, na Kikuria hukukijua hata salamu, kwa hiyo miaka yote saba ya kuwa mkweo tuligombana na kupatana kwa Kiswahili, chako cha soko la samaki na changu cha darasani. Sioni tulichoshindwa kuambiana. Isipokuwa jambo moja, na hilo ndilo limenikalisha hapa.

Lakini kwanza nikupe habari za watoto, maana najua usipopewa habari za watoto husikilizi kitu kingine.

Adhiambo ameingia gredi ya kwanza. Siku ya kufungua shule alikataa nimshike mkono langoni, akaniambia nirudi nyumbani nikafanye kazi. Sasa anajua kusoma, na tukiwa safarini hatuna raha: kila bango lazima lisomwe kwa sauti, duka la dawa, kinyozi, kanisa, mbolea, na baba yake anapunguza mwendo ili amalize neno. Mwezi uliopita jino lake la kwanza liling'oka, la chini, kwa mahindi ya kuchoma. Tulishangilia kama timu imefunga bao. Nilitaka tulirushe juu ya mabati yetu ili jipya lije upesi, akalifumbata. "Hapana. La kwanza ni la kwa Dani." Akalifunga kwenye karatasi lingoje mabati ya bibi yake, akalitia kwenye kikopo cha vifungo vyangu.

Mdogo, yule hukumwona, ametimiza mwaka. Ana meno sita. Anatembea kwa kushikilia viti, na akianguka hutazama kwanza kama kuna aliyemwona, ndipo alie. Masikio ni yako kabisa.

Hana jina.

Ndiyo, Mama, mwaka mzima. Ulipiga simu Jumatano, mimi niko kitandani na mshono wa tumbo, mtoto ana siku nne. Ukasema: "Mimi nakuja kesho. Mtoto isipewe jina mpaka nifike. Jina iko na mimi, na hiyo si maneno ya simu." Yakawa maneno yako ya mwisho kuhusu mtoto huyo, na mwanao akayashika kama sheria. Kitabu chake cha kliniki kimeandikwa "mtoto wa Robi", na kila mwezi nesi huniuliza kama tunamngoja akue achague mwenyewe. Siku yake ya kutimiza mwaka niliagiza keki, na mama anayeoka keki akaniuliza aandike nani. Nikamwambia aandike "Hongera". Watu walijaa hapa sebuleni, wakaimba vizuri tu, wakafika pale pa kutaja jina, wote wakanyamaza, kisha wakaendelea na wimbo. Mimi nilikimbilia jikoni nikajifanya natafuta kisu, na kisu kilikuwa mkononi.

Sasa hilo jambo.

Unakumbuka nilivyokujibu kwenye simu. Nilisema, "Mama, usije kesho, njoo Jumapili. Nyumba bado ina fujo." Nyumba haikuwa na fujo. Mama yangu alikuwa ametoka Kehancha kuniuguza, nyumba ilikuwa inang'aa. Nilichotaka ni siku tatu za kuwa mtoto wa mama yangu. Nilijua ukifika utateka jiko, utamwogesha mtoto kwa namna yako, utaniambia uji wangu ni maji, na mama yangu atakaa pembeni kama mgeni. Ulifanya hivyo Adhiambo alipozaliwa, nami nilikupenda na kukuchukia kwa pamoja mwezi mzima. Ukanijibu kwenye simu, "Sawa, nyar Kuria. Jumapili si mbali."

Ijumaa asubuhi ukaanguka pale ufukweni, unaanika dagaa wa omena pamoja na wifi Anyango. Walisema ni moyo, na kwamba ungefikishwa hospitali mapema ungepona. Kutoka kwetu hadi hospitali ni mwendo wa dakika kumi.

Nimezifanya hesabu hizo za dakika mpaka nimezichukia.

Sikuja kukuzika kwa sababu ya mshono. Adhiambo alibaki nami. Baada ya mazishi Anyango alinipigia simu akilia mpaka sikumwelewa. Alipotulia akasema, "Ni omena yangu ilimzuia. Mama alikuwa amefunga nguo zake, nimeona begi na macho yangu. Halafu akaniambia wacha nikae nikusaidie kuanika kwanza, Migori nitaenda Jumapili. Na mimi nikakubali! Ningemwambia enda, angekuwa kwenu."

Hapo ndipo nilipoelewa ulichofanya. Hukumwambia binti yako kwamba mke wa mwanao amekukataza kuja. Ulijua maneno yangezunguka boma zima: Mkuria amemfukuza mama mkwe. Ukanificha nyuma ya omena. Nami nilipaswa kusema palepale. Nikasema, "Pole, wifi."

Pole! Mwaka mzima nimeishi na neno hilo. Anyango aliacha biashara ya omena, Mama. Anauza nyanya sasa, na hazimjui wala yeye hazijui. Mwanao ananiambia dada yake amekonda, hapiti tena njia ya ufukweni. Nami nafua nguo zilizo safi, nashona na kufumua, naanza kupika chai na kuisahau mpaka sufuria inanuka.

Tulianza safari ya kuja kwako mara mbili tukarudia njiani. Mara ya kwanza tulifika Rongo. Nikamshika mtoto shingo, nikasema ana joto, turudi. Hakuwa na joto lolote, alikuwa anakula ndizi. Mara ya pili tulifika Rodi kabisa, karibu tuanze kuliona ziwa, nikasema nimeacha gesi inawaka. Mwanao, unavyomjua, ni mtu wa kuamini kila kitu. Aligeuza gari bila neno, na Adhiambo akaanza kusoma mabango yaleyale kutoka upande wa pili.

Jumamosi iliyopita ni Adhiambo aliyetupeleka. Alitoka chumbani na nguo zake za Jumapili na kikopo cha vifungo, akaingia ndani ya gari akafunga mkanda. Alisema jino limengoja vya kutosha. Nilitafuta cha kusingizia nikakikosa, na mwanao akasema gesi ameizima mwenyewe na mtungi ameuweka nje.

Njiani mwanao akanifundisha desturi ya kwenu. Kwa kuwa sikuwepo ukizikwa, nikifika nisimsalimu mtu, nisiingie nyumba yoyote, niende kaburini moja kwa moja, nilie kwanza. Baada ya hapo ndipo niwe mgeni. Nikasema nimeelewa. Kwa kweli nilifurahi. Nilikuwa nimepanga kukunong'onezea wewe yote pale kaburini, wewe peke yako, halafu ninywe chai na watu nirudi Suna nikiwa mwepesi. Anyango asingejua kitu. Ndivyo nilivyo mwoga, Mama, hata toba yangu niliitafutia mlango wa nyuma.

Gari halijasimama vizuri, Adhiambo akaruka nje. Akakimbia kama anavyokimbia siku zote akifika kwako, viatu huku na huku, anaita "Dani! Dani!" mpaka ndani ya nyumba. Anajua umekufa. Tulimwambia, alilia, aliuliza maswali yake. Ila miguu yake ilikuwa haijaambiwa. Nikasikia sauti inakatika ghafla kule ndani, na sikufikiri kitu. Nilikimbia na mtoto mkononi, nikapita kaburi lako pembeni bila kugeuza shingo, nikaingia.

Adhiambo alikuwa amesimama mbele ya kiti chako. Na nyuma ya kiti alisimama Anyango, na ufagio.

Akatazama miguu yangu. Akatazama mlango. "Sasa umeingia," akasema.

"Nimeingia."

"Ochieng hakukuambia?"

"Aliniambia."

Alitikisa kichwa, lakini akanyoosha mikono kwa mtoto, kwani huyo hana kosa. Akakaa naye chini kwenye mkeka, akaanza kumgusa masikio. Nyumba ilikuwa safi, Mama, kila siku anaifagia kama unarudi jioni. Akamwambia mtoto, si mimi, "Wewe ndiye hukuona dani yako. Ni mimi nilimzuia. Utakuja kunisamehe ukikua?"

Sikuwa nimepanga. Ningekuwa nimeanzia kaburini, huenda ningekaa kimya hadi leo. Nikapiga magoti pale sakafuni, nikamwambia yote: simu, kesho, Jumapili, fujo isiyokuwepo. Nikamwambia, "Hukumzuia. Ni mimi. Alikudanganya ili mimi nisisemwe."

Anyango akampakatisha Adhiambo mtoto, polepole, akahakikisha amemshika vizuri mgongo. Kisha akanigeukia akanipiga kofi ambalo nadhani wewe pia ulilisikia.

Mwanao alikuja mbio mlangoni. Nikamwambia arudi nje, hili halimhusu.

"Ulijua," akasema Anyango. "Mwaka moja nakula hii kitu peke yangu, na ulijua. Ukaniambia pole."

"Ndiyo."

"Na Mama akakuficha wewe." Sasa alikuwa analia. "Wewe akakuficha. Na mimi je?"

Swali hilo ni la kwako, Mama. Nimelileta kama nilivyolipokea. Nadhani uliona wifi yangu ana boma nyuma yake na mimi sina, na kwamba ni uongo wa siku tatu tu, Jumapili si mbali. Hukujua kwamba Ijumaa ipo. Lakini hayo nayasema mimi, na mimi si wa kukutetea mbele ya binti yako.

Katikati ya kilio hicho Adhiambo, mikono imejaa mtoto, akauliza, "Waya, jino tutarusha saa ngapi?"

Anyango, ndiye waya, shangazi yake, alitaka kumkaripia, akashindwa, akacheka huku kamasi zinamtoka. Tukatoka nje. Jino likarushwa juu ya mabati yako, likateleza likarudi, likarushwa tena, likakaa. Kisha Anyango akanishika mkono, si kwa upole, akanivuta hadi kaburini. "Lia," akasema. "Umechelewa lakini lia." Sijui kulia kwa Kijaluo. Nililia hivyo hivyo, kwa Kikuria, na yeye akalia pembeni yangu kwa lugha yake, na ndiyo mara ya kwanza mwaka huu nilisimama mahali pamoja bila kutaka kwenda pengine.

Tulipomaliza akamchukua mtoto. Akasema, "Huyu hatakaa bila jina juu ya ujinga yako." Akaeleza kuwa jina uliloliweka hakuna anayelijua, lakini siku zako zote za mwisho ulikuwa ukimtaja mama yako. Basi mtoto ni Aloo. Akamwita mara tatu sikioni. Mtoto akamshika pua.

Nikamuuliza, na kama siyo hilo? Akaniambia mkikosea, mwenye jina ana namna yake. Mtoto atalia, hatanyamaza kwa titi wala kwa mgongo, mpaka mlibadilishe.

Hajanisamehe, Mama, nisikudanganye. Tulipoaga aliongea na watoto na kaka yake, mimi akanipa fungu la nyanya bila kunitazama. Lakini alikuwa amesimama upande wa ufukweni, na mwanao anasema aliuliza omena siku hizi inatoka vipi.

Nakuahidi hivi. Kila shule zikifunga nitawaleta watoto, nami nitashuka ufukweni nianike omena na Anyango mpaka mikono inuke, anitukane akitaka. Mama yangu nimemweleza pia, na atakuja kukulilia mwenyewe. Na mtu akiniambia anakuja kesho, nitamwambia njoo, hata kama kweli nyumba ina fujo.

Pumzika sasa, mama yangu wa Kiswahili. Vifungo vinaningoja na wenye sare wamekwisha kuanza kugonga.

Ila kama jina ulilotaka kuja nalo ni lingine, mlize mtoto, tutaelewa. Tangu Jumamosi nimetega sikio mchana kutwa. Aloo amelia mara moja tu, asubuhi hii, na ni kwa sababu nilimnyang'anya mkasi.

Mkweo,
Robi