Barua Iliyopotea kwa Kapteni Ainslow

Malton, karibu na Toronto
Jumapili, 9 Novemba 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Kazim,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na goti lako limepoa. Sisi huku baridi imeshatuingia, ila hatujambo na Mama anakula vizuri. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza, nami nitapata pa kujifichia.

Unamkumbuka Bibi Ainslow, yule mzee ninayemsaidia kupanga makaratasi ya babu wa babu yake. Huyo babu alikuwa kapteni wa manowari ya Kiingereza. Alianza kazi ya bahari akiwa na miaka kumi na tatu, akafa ameacha masanduku matatu ya shajara na vyeti vya kupandishwa cheo, na kurasa nyingi za kujisifu. Lakini katikati ya vyeti palikuwa na barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mama mmoja wa Pemba alimwuliza kapteni huyo mwanawe, aliyeokolewa kwenye chombo cha watumwa, amepelekwa wapi. Nilipomsomea Bibi Ainslow alilia, akaniruhusu nije nayo nyumbani niitafsiri vizuri.

Siku ya tatu sikuiona. Nilipindua nyumba juu chini. Nilimuuliza Mama, akasema hakuigusa. Nilipomrudia akasema labda. Mwisho akasema huenda ni yeye. Ndipo nikakupigia nikilia, nawe ukasema akili ya Mama imeanza kumtoka, asiachwe peke yake nikiwa kazini uwanja wa ndege. Nikamwandikisha nyumba ya wazee, ahamie kesho. Tangu hapo amekuwa akibandika vikaratasi makabatini: chumvi, majani ya chai, funguo.

Jana msikitini Mzee Ghulamabbas aliniita. Yeye ndiye anayetunza sanduku la karatasi zenye jina la Mungu, zile tusizozitupa jaani. Alisema alipokuwa akizipanga kwenda kuzizika aliona moja ya zamani mno, akaiweka kando. Ilikuwa ndiyo barua ile, na Bismillahi yake juu, haina hata mkunjo mpya. Nilikaa chini palepale penye viatu nikamshukuru Mungu. Kisha nikamwomba radhi kwa usumbufu wa Mama. Akashangaa. Alisema Mama hajafika pale wiki nyingi; mfuko wa karatasi uliokuwa na barua ile nilimkabidhi mimi mwenyewe, siku ya Ijumaa, nikitoka zamu, nikisinzia nimesimama.

Kaka, ni mimi. Nilikuwa nasafisha meza, nikaona Bismillahi, na mkono ukafanya alivyoufundisha Mama tangu utotoni. Wala sikukumbuka chochote. Na lililo baya zaidi, nilipomuuliza Mama mara ya pili na ya tatu, nilikuwa nimeshamhukumu. Amekiri kosa lisilo lake ili mimi ninyamaze kulia.

Leo asubuhi nimemweleza yote. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama kesho bado anaondoka. Nikamwambia haondoki, nimeshawapigia. Akasema vyema, basi atalala kidogo, kwa sababu wiki hizi mbili alikuwa akiogopa kulala asije akaamka amesahau jina langu.

Tafadhali waeleze ndugu wote huko kwamba Mama ni mzima. Huku nitawaeleza mimi, nikianza na Shangazi Kanizfatema, ambaye hatanisamehe upesi, na ana haki. Msalimie wifi na watoto. Mama atakupigia mwenyewe akiamka.

Dada yako, aliye msahaulifu wa nyumba hii,
Marziya