Mabega ya Corina

Soroca, 6 Februari 2004

Mdogo wangu Lilia,

Hujambo huko Italia? Na mgongo, umepoa? Sisi wazima, ila vidole vyangu vimevimba na baridi bado haijaamua kuondoka. Mwanao Corina mzima, anakula, anajibu watu.

Nakuandikia nikiwa hoi. Vijana wa ukumbi wa utamaduni wanaigiza mwezi wa nne, na mwalimu Trofim kanitwika maleba yote. Wahusika ishirini na mbili, mshonaji mmoja. Kitambaa nilichopewa ni mapazia ya ile sinema iliyofungwa. Nimeyafua mara tatu, maji bado yanatoka kama chai. Nikamwuliza, "Trofim, haya niwashonee nguo au sanda?" Akasema, "Mradi wasitoke uchi, Agafia."

La kukufurahisha: Corina ndiye malkia. Nitumie uzi mweusi na lesi kwa gari la Jumamosi linaloleta mizigo yenu huku.

Dada yako,
Agafia

Brescia, 20 Februari 2004

Dada Agafia,

Shikamoo. Pole na vidole, vikande kwa maji ya moto na chumvi. Mimi mzima kiasi. Bibi Ersilia ninayemtunza siku hizi hanijui. Ananiita kwa jina la marehemu dada yake, na mimi naitika, sina nguvu ya kubishana.

Gauni la malkia usilishone, nitalishona mimi. Nimepata mahameli ya buluu, na mchana bibi akilala napata saa mbili zangu. Vipimo usinitumie. Mwanangu mwenyewe nimshonee kwa vipimo vya kuletewa? Nimemwogesha kwa mikono hii. Nitaongeza kidogo, najua watoto wanakua.

Mdogo wako,
Lilia

Soroca, 26 Machi 2004

Mdogo wangu Lilia,

Natumai barua hii itakukuta salama, na bibi hajambo. Gavril alileta gauni kwa gari lake la Jumamosi. Marehemu mama angeligeuza ndani nje atafute kosa kwenye mishono, asingelipata.

Sasa nakwambia ukweli, maana nimechoka kuubeba. Halikupita mabegani. Lilia, ulimwacha mtoto ana miaka kumi na mmoja. Leo ana kumi na sita, amekupita urefu, na mabega ni ya baba yake. Alisimama mbele ya kioo mikono imekwama juu, ikabidi nimvue kama mtoto mchanga. Hakulia. Alilikunja vizuri, akasema, "Usimwambie. Sema limenitosha."

"Na akitaka picha?"

"Tutasema kamera mbovu, mama."

Mama huyo ni mimi. Siku zote amekuwa akiniita mama mkubwa. Sijui ni lini aliacha kusema hilo neno la pili, na sikumsahihisha. Nisamehe na hilo pia.

Nimekaa na siri hii siku tisa. Gauni nilifanye nini?

Dada yako,
Agafia

Soroca, 20 Aprili 2004

Mdogo wangu,

U mzima? Gari limekuja Jumamosi tatu bila barua yako. Gavril anasema ulifika hadi mlangoni mwa gari, ukasimama, ukarudi zako.

Onyesho ni Jumamosi hii. Nilitaka kulifumua gauni taratibu. Corina akaninyang'anya mkasi, akalipasua mgongoni toka juu mpaka chini, akasema, "Hapo tia pazia." Basi kwa mbele ni malkia, kwa nyuma ni sinema. Trofim amemkataza kuwapa watu mgongo. Anakasirika kama wewe huyu mtoto, kimya kimya, huku kazi inaendelea.

Andika hata mstari mmoja. Si kwangu, kwake.

Dada yako,
Agafia

Brescia, 9 Mei 2004

Dada Agafia,

Shikamoo. Barua zote mbili nimezipata. Nilinyamaza kwa aibu, sina sababu nyingine. Kila nilipoanza kuandika nilijikuta najitetea, nikachana.

Mke wa Gavril alikuwepo kwenye onyesho. Ameniambia kwamba mwishoni malkia aliinama kuaga, kisha akawageuzia watu mgongo makusudi, pazia likaonekana lote. Anasema hakuna aliyecheka.

Usiniombe msamaha kwa alivyokuita. Amekuita unavyostahili. Iliniuma, nikaosha vyombo vilevile mara mbili bila kujua nafanya nini.

Nimemwambia mtoto wa bibi atafute mtu mwingine. Karatasi zangu za kuishi huku hazijatoka, na nikishavuka mpaka sitaruhusiwa kurudi tena. Najua maisha yatatubana. Lakini nimechoka, dada, kuitwa jina la maiti na kuitika.

Nafika na gari la Gavril tarehe tano Juni. Picha niliyonayo ya Corina bado ana misuko miwili. Kituoni watu watakuwa wengi, na macho yangu, najijua, yatakuwa yanatafuta mtoto mfupi. Mshike mkono, nijue ni yupi.

Mdogo wako,
Lilia